Robo Iliyompotea Mwalimu

Shule nzima ilimwita Mwalimu Robo, na mwenyewe alijua. Sababu zilikuwa mbili. Ya kwanza, alikuwa mfupi, mfupi wa kupanda kiti ndipo afute sehemu ya juu ya ubao, na watoto hawana huruma. Ya pili ndiyo aliyoikubali waziwazi. Kila alipopokea darasa jipya la sita, somo lake la kwanza lilikuwa robo. Alichora mstatili, akaugawa vipande vinne sawasawa, kimoja akakipaka chaki mpaka vumbi likamwingia puani. Chini yake akaandika: moja juu ya nne, sifuri nukta mbili tano, asilimia ishirini na tano, na mwisho uwiano wa kilichopakwa kwa visivyopakwa, moja kwa tatu.

"Haya, hapa kuna watu wangapi?" aliuliza.

"Wanne, Mwalimu!"

"Wapi! Yupo mmoja tu, kabadilisha nguo. Akienda kwenye jiko anavaa hii, akienda benki anavaa hii, akienda kwa fundi ujenzi anavaa hii. Kazi yenu mwaka huu ni kumtambua sura, msibabaishwe na shati."

Kisha lazima mmoja aulize, mbona uwiano ni moja kwa tatu na siyo moja kwa nne? Hapo ndipo alipopapenda. Aliwasimamisha wasichana watatu na wavulana wawili mbele ya darasa na kuuliza wasichana ni sehemu gani ya kundi. Kila mwaka alitokea kidomodomo wa kusema tatu juu ya mbili. Mwalimu Robo alishika kiuno, akamtazama kwa huzuni ya kuigiza: "Mwanangu, yaani wasichana wamekuwa wengi kuliko kundi lenyewe? Wengine wamekaa wapi, juu ya paa?" Darasa lilivunjika mbavu, na jibu la tatu juu ya tano halikuwatoka tena maisha yao yote.

Nyumbani alikuwa hivyo hivyo. Mume wake, fundi wa friji aliyefanyia kazi barazani kwake, alipenda kuwaambia wateja kwamba yeye hakuoa mke, alioa kikokotoo. Binti yao, mshonaji mwenye chumba chake cha cherehani mtaa wa pili, alimpigia simu katikati ya kukata kitambaa: "Mama, nataka theluthi mbili ya mita moja na nusu, haraka, nimeshika mkasi." Jibu lilifika kabla hajamaliza kuuliza. Mita moja kamili. Mwalimu Robo hakuona ajabu. Kwake namba zilikuwa majirani wa zamani; alipita katikati yao bila kubisha hodi.

Siku jambo lilipotokea alikuwa ubaoni, anageuza tatu juu ya nane kuwa desimali. Alikuwa ameshaandika sifuri nukta tatu saba, na mabaki ya nne yalikuwa yanamsubiri, ndipo chaki ilipoanguka. Aliinama kuiokota, mkono haukumfuata. Akajaribu kusema "samahanini" ikatoka sauti ya mtu mwenye mate mengi mdomoni. Watoto walicheka, maana walizoea vituko vyake. Walicheka mpaka alipoketi sakafuni, mdomo umeenda upande, ndipo kiongozi wa darasa alipotimua mbio kumwita Mwalimu Mkuu.

Kilikuwa kiharusi. Kidogo, walisema hospitali. Alilazwa, akapewa dawa, akaanza kufinya mpira wa kitambaa kwa mkono wa kulia. Mdomo ukarudi mahali pake. Mkono ukarudi, mguu haukuguswa kabisa. Watu walikuja kumjulia hali, wakatoka wakisema ameponea chupuchupu. Mumewe alilia siku aliyomwona anashika kikombe mwenyewe. Wote walifurahi, naye akafurahi pamoja nao.

Aligundua akiwa nyuma ya nyumba. Alitaka kuloweka mashuka, akachukua chupa ya dawa ya kung'arisha nguo, akasoma maelezo kama kawaida yake: sehemu moja ya dawa kwa sehemu tisa za maji. Alisoma vizuri. Kila neno alilijua. Lakini maneno yalikaa pale kwenye karatasi kama mawe, hayakumwambia afanye nini. Moja ya nini? Tisa za nini? Na kama ndoo ni hii, je? Alisimama ameshika chupa mpaka mumewe akatoka barazani kumtafuta.

"Vipi, mama watoto? Umepatwa na kizunguzungu?"

"Nimesahau tu kama nimeshaweka dawa," alisema, na huo ukawa uongo wake wa kwanza.

Mchana ule alijifungia chumbani na kipande cha chaki, akaandika juu ya kifuniko cheusi cha sanduku. Nusu. Sifuri nukta tano. Hamsini kwa mia. Akavitazama. Kuhesabu alihesabu bado; ndoo tatu na ndoo mbili alijua ni tano, na miaka ya wanawe aliijua. Mkate pia angeukata katikati, maana mkono ulijua wenyewe. Kilichopotea ni ile njia ya kutoka namba moja kwenda nyingine. Zilikuwa alama tatu, kila moja imempa mwenzake mgongo. Alizitazama kama mtu aliyeingia kwenye nyumba ya wazazi wake akakuta wageni wamekaa mezani, wanakula, wala hawageuki kumuuliza yeye ni nani.

Alifuta kwa kiganja, akalala kifudifudi. Mumewe alipobisha alisema anapumzika.

Kwa nini hakusema? Alijiuliza hilo baadaye, mara nyingi. Aliogopa, hilo kwanza. Halafu watu walikuwa na furaha, na ni vigumu kumvunja mtu furaha yake akiwa ndiyo kwanza ameipata. Zaidi ya yote alidhani alivyovipoteza vitarudi. Mdomo ulirudi, mkono ulirudi. Alijikaza kisabuni akasubiri.

Likizo ya ugonjwa ilipokwisha havikuwa vimerudi. Basi alifanya kile alichowakataza watoto miaka yote: alikariri. Robo ni sifuri nukta mbili tano ni ishirini na tano kwa mia. Humusi ni sifuri nukta mbili ni ishirini kwa mia. Aliyaimba jikoni, aliyaimba bafuni, kama mtu anayekariri sala ya lugha asiyoijua. Siku ya kurudi shuleni watoto walimpokea kwa makofi, walimu wenzake wakamkumbatia, na yeye akasimama ubaoni akayamwaga yote bila kujikwaa. Kwa wiki ya kwanza mambo yalikwenda.

Kisha msichana mmoja wa dawati la mbele, mpole, binti wa msusi wa nywele wa pale karibu na lango la shule, akanyoosha mkono.

"Mwalimu, sifuri nukta tatu na sifuri nukta mbili tano, ipi kubwa?"

Hili halikuwemo kwenye wimbo. Mwalimu Robo alitazama ubao.  Ishirini na tano, tatu. Hapo angalau palikuwa na kitu cha kushika.

"Sifuri nukta mbili tano," alisema. "Si ishirini na tano ni kubwa kuliko tatu?"

 Kosa lile lile alikuwa amewatoa nalo jasho muhula mzima uliopita, kwa michoro, kwa vijiti, kwa kuimba. Watoto walitazamana. Ndipo mvulana mmoja wa nyuma akaachia tabasamu pana.

"Mwalimu anatutega huyo!"

"Anatutega!" wakapokea wote. "Tatu ni thelathini ukiongeza sifuri nyuma! Hatudanganyiki!"

Walicheka, wakapiga madawati. Mwalimu Robo akatabasamu. Alisema, "Vizuri sana, nilitaka kuona kama mmelala," akageuka ubaoni ili wasimwone uso. Alisikia maneno yao: ukiongeza sifuri nyuma. Hakuelewa kwa nini sifuri igeuze tatu kuwa thelathini na bado iwe ile ile. Alikuwa amelifundisha hilo tangu ujana wake, na sasa hakulielewa.

Tangu hapo mtego ukawa maficho yake. Alipokosea, alisubiri watoto wamsahihishe, kisha akawasifu. Wale hodari walifurahi, waliona wamekua. Wale wazito walipotea njia taratibu, maana hawakujua tena lini mwalimu anasema kweli. Naye aliwaona wakipotea. Alimwona yule binti wa msusi akifuta na kuandika, akifuta na kuandika, mpaka karatasi inatoboka.

Ukaja mtihani wa katikati ya muhula, hesabu, alama arobaini. Kusahihisha hakukumshinda, majibu yalikuwa yameandaliwa. Alilinganisha umbo na umbo. Alijumlisha alama za pata, moja baada ya moja. Lakini kila karatasi ilitakiwa iandikwe asilimia, iende kwa mzazi. Alikaa sebuleni na rundo lile, jua la jioni linaingia dirishani, mumewe barazani anagonga bomba la shaba. Aliandika thelathini na nne, akaweka alama ya asilimia mbele yake. Aliitazama. Haikumwambia kitu chochote, si ukweli wala uongo. Akachukua karatasi iliyofuata.

Siku chache baadaye msusi alifika ofisini kwa Mwalimu Mkuu, amevaa aproni yake ya kazi, nyuzi za nywele zimemganda mikononi. Hakuja kugomba. Alikuja kuomba ushauri.

"Binti yangu kapata thelathini na nne kwa mia," alisema. "Hali, halali. Anasema hesabu haziwezi, anataka aje tu tusuke wote. Nilimwambia labda mwalimu kakosea. Akanijibu, mama, Mwalimu Robo hakosei. Sasa nimekuja kuuliza, nimwache aje dukani?"

Mwalimu Mkuu aliomba aione karatasi. Aliisoma mara moja, akaisoma tena, kisha akaagiza karatasi zote za darasa la sita ziletwe. Mtoto bora alikuwa na asilimia thelathini na nane. Darasa zima lilikuwa limefeli.

Alimwita Mwalimu Robo baada ya msusi kuondoka. Walikuwa wameanza kazi mwaka mmoja, hawakuwa na makuu baina yao. Alifunga mlango, akavuta kiti akakaa upande wake badala ya kukaa nyuma ya meza.

"Dada, hizi zimekuwaje?"

"Zimekuwaje nini?"

"Thelathini na nne kati ya arobaini. Ni asilimia ngapi?"

Mwalimu Robo alitazama mikono yake. Nje watoto walikuwa wanaruka kamba, kamba inapiga ardhi, tap, tap.

"Basi tuanze na nyepesi," alisema Mwalimu Mkuu, na sauti yake ikaanza kubadilika. "Hamsini kwa mia ni sehemu gani?"

"Zamani nilijua," alisema Mwalimu Robo.

Yule bwana alivua miwani. Alikaa nayo mkononi kwa muda, hajui aifanyie nini.

"Tangu lini?"

"Tangu siku ile. Sikupona, ndugu yangu. Mlisema nimepona na mimi nikaitikia."

Mwalimu Mkuu alitaka kumaliza jambo kimyakimya: karatasi zirekebishwe, yeye apewe likizo. Mwalimu Robo alikataa. Kitu kimoja tu aliomba, aende akawaambie watoto mwenyewe, hasa yule wa dawati la mbele. Alienda asubuhi iliyofuata. Hakushika chaki.

"Alama nilizowapa siyo zenu," aliwaambia. "Wengi wenu mmefaulu vizuri. Aliyekosea ni mimi. Niliumwa, na hesabu za sehemu zimenitoka kichwani. Siwezi tena kugeuza hata robo."

 Halafu kule nyuma:

"Anatutega!"

Kicheko kikalipuka darasa zima, kile kicheko cha upendo walichompa kila mara. Wengine walisimama juu ya madawati. "Hatudanganyiki, Mwalimu! Hatudanganyiki!"

"Sitegi," alisema. "Wanangu, leo sitegi."

Walizidi kucheka, mpaka walipoona machozi. Hata hapo wachache waliendelea, wakidhani ni sehemu ya igizo. Binti wa msusi hakucheka tangu mwanzo. Alikuwa ameinamia dawati, anakwangua ubao wake kwa ukucha, na Mwalimu Robo alipomwendea na kumgusa bega, mtoto alijikunyata. Hakujua amwambie nini. Thelathini na nne kati ya arobaini: ilikuwa alama nzuri, Mwalimu Mkuu alimwambia ni themanini na tano. Alisema, "Ulifanya vizuri sana." Mtoto akaitikia "ndiyo, Mwalimu" kwa sauti ya adabu, bila kuinua macho. Alikuwa hamwamini tena.

Mumewe alipoambiwa hakugomba. Aliweka koleo chini, akafuta mikono kwa kitambaa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. "Na mimi niko hapa hapa barazani," alisema. "Hatua mbili tu. Ungeniita."

Walikwenda kwa daktari wote wawili. Daktari alikuwa kijana, mpole, mwenye kusikiliza. Alimpima kwa kadi na vibao, akaandika, kisha akaweka kalamu chini.

"Mama, nisikufiche. Muda wa kurudi kwa haraka umeshapita. Kwa wagonjwa niliowaona na hali ya namna hii, wanaorudiwa na uwezo huo kwa kiasi cha kutosha ni kama asilimia ishirini."

Mwalimu Robo aliinamisha kichwa mbele kidogo, kama afanyavyo mtu asiyesikia vizuri.

"Hiyo ni nyingi, daktari?"

Mumewe aligeukia ukuta.

"Samahani," daktari alisema upesi. "Nilitaka kusema, mmoja kati ya watano."

"Kwa hiyo imepungua? Mwanzo ilikuwa ishirini."

 Daktari alivuta kikopo cha kalamu, akazipanga tano mezani, moja baada ya nyingine. "Hawa ni wagonjwa watano," alisema. "Huyu hapa anapona." Akaisogeza moja pembeni.

Mwalimu Robo alizitazama kalamu zile. Alinyoosha kidole, si kwenye ile moja, bali kwenye zile nyingine zilizobaki pamoja.

"Hao," alisema. "Hao nimewaelewa."

Binti yake hakukubali. Alifunga cherehani mapema kila siku akaja na mkasi na karatasi za rangi. Walikata duara, wakakunja, wakapaka. "Mama, hii ni nini?" "Kipande." "Kipande kimoja kati ya vingapi?" "Vinne." "Safi! Kwa hiyo ni?" "Robo." Siku nyingine walifika mpaka kwenye nukta, na binti alimkumbatia, akampigia baba yake kelele za shangwe. Asubuhi yake vyote vilikuwa vimekwenda. Karatasi zilikuwa pale pale juu ya meza, na mama alizigeuzageuza kama mabaki ya kitambaa.

"Lakini jana ulijua!" binti aliropoka mara moja. "Mama, jana tu! Huwezi kujaribu kidogo?"

"Najaribu."

"Hujaribu. Unakaa tu unanitazama."

Kisha binti akaona alichokisema, akaanza kulia. Mama yake ndiye aliyembembeleza. Akiwa amemshika kichwa kifuani aliwakumbuka watoto wangapi sijui aliowasimamisha ubaoni miaka yote ile, wanaotetemeka, wanaomtazama bila neno, naye akiwaambia mbona jana ulijua. Wengine walikuwa wavivu kweli. Wengine, sasa alifahamu, walikuwa wamesimama hapa aliposimama yeye, na hakukuwa na mtego wala igizo ambalo lingewatoa. Hilo halikumfariji. Lilimwongezea tu idadi ya watu wa kuwaonea huruma.

Shule ilimpa kazi maktaba, kupanga vitabu. Aliiweza. Lakini maktaba ilipakana na darasa la sita, ukuta mmoja, na mwalimu mpya alikuwa na sauti ya kupenya. Alifundisha vizuri, tena kwa utulivu. Mwalimu Robo alisikia watoto wakijibu kwa pamoja, sauti zimechangamka, na kila jibu lilikuwa kelele tu, kama redio ya jirani. Alivumilia, akavumilia, mwisho akaandika barua ya kuacha kazi. Walimu walimnunulia saa ya ukutani. Walitoa hotuba. Alipoambiwa aseme neno alishukuru, akaketi.

Siku hizi anashinda kwa binti yake, anashona vifungo na kupiga pasi pindo. Futi ya kupimia haigusi. Wateja wanamsalimia kwa heshima, wengi wao aliwafundisha, na yeye anawaitikia, anawauliza habari za watoto, ila mazungumzo yakielekea bei na punguzo anainama kutafuta sindano. Amekuwa mtu wa maneno machache. Hazungumzii shule. Usingizi unamchelewa, na mumewe, ambaye masikio yake yamezoea kusikia kosa dogo kabisa ndani ya mashine, anausikia ukimya wake akiwa amelala kando yake na hana kifaa cha kuutengeneza.

Juzi alasiri alikuwa anaanua nguo uani. Mumewe alikuja akasimama mlangoni, amefuta mikono.

"Kliniki wamepiga simu," alisema. "Wiki ijayo daktari anataka akupime tena."

"Sitaenda."

"Kwa nini, mama watoto? Ni kupima tu."

"Atanipa namba," alisema. "Atanipa namba, na nitaitazama, na wewe utageukia ukuta."

 Matone ya kwanza ya mvua yalikuwa yanadondoka kwenye bati. Mumewe alishuka ngazi, akashika upande wa pili wa shuka, wakalikunja pamoja, kona kwa kona.